Divai Iliyotaka Nyama

Chupa ile niliibeba kwa mikono miwili kutoka mgodini hadi kwetu Nyakatuntu, na njia nzima sikupumzika, kwa sababu kila nilipotaka kuiweka chini niliona jiwe.

Nilikuwa nafanya kazi ya kuosha madini ya bati katika vilima vya Kyerwa. Kazi yenyewe ni maji na mchanga. Unatikisa karai mpaka mchanga mwepesi uondoke na maji, na ule mzito mweusi ubaki chini. Msimamizi wetu alikuwa Mfaransa, mtu mwembamba aliyekula peke yake mbele ya hema, na kila jioni mezani kwake palikuwa na glasi ya kitu chekundu kilichokolea. Sisi tulisema ni dawa ya kikohozi, kwa sababu alikohoa sana.

Muda wake ulipokwisha aligawa vitu vyake kabla ya kuondoka. Mmoja wetu alipata sufuria, mwingine koti la mvua, mwingine taa isiyo na kioo. Mimi nilisimama nyuma ya wenzangu kama kawaida yangu, na nilipofika mezani palikuwa pamebaki chupa moja. Aliitazama, akanitazama. Nadhani alikuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe.

Kiswahili chake kilikuwa cha mgodini. "Hii divai," aliniambia. "Hii si ya kiu. Una kiu, kunywa maji. Hii ya nyama. Nyama ya mafuta. Ukinywa na ndizi tupu, mbaya. Ukinywa na kitu kichungu, mbaya sana. Fungua, acha ipumue kidogo, halafu kunywa polepole. Kesho bado nzuri. Keshokutwa, siki."

Niliitikia ndiyo bwana kwa kila neno. Nilitaka kumuuliza kinywaji kinapumuaje, lakini nyuma yangu watu walikuwa wanacheka kwamba nimepewa dawa ya kikohozi, nikaondoka.

Nyumbani niliificha chini ya kitanda. Sikujua niifanyie nini. Kuinywa peke yangu niliona aibu, na kuwapa watu ningelazimika kusema maneno. Usiku niligeuka kitandani nikiogopa kwamba imevuja.

Wakati huo nilikuwa na jambo jingine lililoninyima usingizi. Kule Kaisho kulikuwa na msichana tuliyesoma naye darasa moja mpaka darasa la nne. Alinishinda hesabu kila mwaka. Tangu tumalize shule nilikuwa namwona kanisani tu, na siku moja baada ya misa nilijikaza nikamfuata njiani mpaka penye mgomba ulioanguka. Nilipofika hapo nikamwambia kwamba mvua ya mwaka huu ni nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukiwa na jambo, mtume mtu mwenye mdomo."

Mtu mwenye mdomo alikuwepo. Ni baba yangu mdogo, aliyenilea pamoja na mama baada ya baba kufariki. Nilipomweleza, alifurahi kama aliyekuwa anangoja. Lakini alipokwenda kuulizia habari za nyumba ile alirudi kimya. Mnunuzi mmoja wa kahawa, mtu wa Bukoba mwenye baiskeli, alikuwa ametangulia. Amepeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, amepeleka na sukari.

"Rubisi kila mtu anapeleka," alisema baba mdogo. "Na mgomba kila mtu anao. Wewe una nini?"

Sikuwa na kitu. Ila macho yangu yalikwenda kitandani, naye akayafuata.

Aliitoa chupa, akaipangusa vumbi, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Nikamweleza ni nini. Alikaa chini polepole. "Unajua baba yake yule binti ni nani? Ndiye anayegonga kengele ya kanisa. Amekaa mbele miaka yote, karibu na altare, akimtazama padre anakunywa divai peke yake. Hajawahi kuonja. Mtu kama huyo unampelekea sukari?"

"Lakini Mfaransa alisema inataka nyama," nilimwambia.

"Mfaransa haposi Kaisho."

Hapo lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mtu akienda kuposa hupewa kahawa ya kutafuna, hupewa rubisi, na wenyeji wakiwa wema hupewa ndizi na maharage. Nyama hapewi. Nyama ndiyo jibu. Siku wenye binti wakikuwekea nyama mbele yako, wamekubali. Kwa hiyo mgeni hatamki neno nyama, hata kwa mzaha. Hata kumsifu mbuzi aliyefungwa uani ni makosa, maana ni kama kumkaba mwenye nyumba koo ili aseme ndiyo. Wapo waliorudishwa kwa kosa hilo, na wakachekwa mpaka wakazeeka.

"Utakaa, utanyamaza," baba mdogo aliniambia. "Kazi hiyo unaiweza kuliko mtu yeyote."

Tulikwenda asubuhi, yeye na kibuyu cha rubisi, mimi na chupa niliyoifunga kwa majani ya mgomba. Nyumba ilikuwa na nyasi mpya zilizotandazwa sakafuni, zinanukia bado. Nje, karibu na mlango, mbuzi mnene aliyehasiwa alikuwa amefungwa kwenye mgomba. Nilipita nikitazama upande mwingine.

Tuliwaamkia shikamoo, tukaketi. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kuvuta kamba ya kengele. Pembeni yake alikaa dada yake, shangazi wa binti, ambaye alinitazama kuanzia miguuni.

"Huyu ndiye anayeoa," aliuliza, "au kaja kubeba mzigo?"

"Ndiye, mama," baba mdogo alisema. "Maneno yake yako ndani, hayajaiva."

"Basi angalieni yasiozee humo."

Kikaletwa kikapu kidogo cha kahawa, zile buni zilizochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa. Kila mtu alichukua kadhaa akaanza kutafuna. Mimi nilitafuna nyingi kuliko wote, kwa sababu mtu anayetafuna haulizwi kitu. Rubisi ikanywewa, habari za mvua zikaulizwa, za mavuno, za wagonjwa. Baba mdogo alizungumza vizuri. Nilihesabu nyasi zilizokuwa mbele ya goti langu, nikazichanganya, nikaanza upya.

Kisha akafungua majani ya mgomba.

Mzee aliacha kutafuna. "Ya padre?"

"Si ya padre. Ya mgodini. Haijabarikiwa."

"Wala haijaibwa?"

"Kijana amepewa na Mfaransa, mbele ya watu."

Mzee aliishika chupa kwa mikono yote miwili. "Miaka yote namtazama padre anainua kikombe," alisema. "Anakunywa, anafuta mdomo, na uso wake haubadiliki. Mtu akinywa kitamu utamjua, akinywa kichungu utamjua. Yeye sijamjua mpaka leo."

Hakuna aliyejua namna ya kuifungua. Baba mdogo alichukua kisu cha kumenyea ndizi akachokoa kizibo, nacho kikavunjikavunjika, nusu kikatoka na nusu kikaingia ndani. Akamimina kwenye kibuyu kidogo cha kunywea. Ikaja nyekundu, karibu nyeusi, na vipande vya kizibo vikaelea juu.

"Haya magome ni ya nini?" aliuliza shangazi.

"Ni kizibo, mama."

"Kizibo cha mti gani?"

Hakuna aliyejua mti huo.

"Dawa ya kumpumbaza baba mkwe huwekwa hivyohivyo," alisema. "Vipande vipande."

Kwetu aletaye kinywaji ndiye anayeonja kwanza, ili wanaoletewa waone kwamba hafi. Baba mdogo alinipa kibuyu mimi. Nilijua ninatazamwa uso, si koo. Nikanywa.

Nimejaribu mara nyingi kueleza ladha ya tone lile la kwanza. Mdomo wangu ulikuwa umejaa uchungu wa kahawa, na divai ilipoukuta uchungu ule ilikasirika. Ulimi ulikauka kama umefutwa kwa jani kavu la mgomba. Ukakasi ulishika mashavu kwa ndani ukayavuta, ule ukakasi wa ndizi mbichi unapoimenya kwa meno ukiwa mtoto, lakini wenye nguvu zaidi. Niliukaza uso wangu usisogee. Jicho moja lilinisaliti likafumba.

Mzee akaona. Akachukua kibuyu, akapuliza vipande vya kizibo vikaenda upande wa pili, akanywa. Akakaa. Akameza tena mate.

"Mmechemsha magome mkaniletea," alisema.

Baba mdogo alicheka kicheko kisicho na mtu wa kukipokea.

"Padre apewe pole," mzee aliendelea, akakisogeza kibuyu mbali na goti lake. "Kumbe ameteseka miaka yote."

"Yule wa Bukoba alileta sukari," shangazi aliliambia paa la nyumba.

Niliona mkono wa mzee unakwenda kwenye fimbo yake, namna mtu anavyofanya anapotaka kuwasindikiza wageni. Baada ya fimbo ile hakuna neno lingine lingesemwa, siku hiyo wala nyingine. Sikupanga kusema. Nilisikia tu sauti, na ilikuwa yangu.

"Mzee, haina kosa. Inataka nyama."

Nje mbuzi alikuwa anatafuna maganda ya ndizi, na nyumba nzima ilimsikia.

"Umesemaje?" mzee aliuliza.

Ningeweza kunyamaza. Lakini neno likishatoka la kwanza, mengine yanasukumana mlangoni. "Inataka nyama ya mafuta. Ndivyo alivyosema aliyenipa. Ikikutana na kitu kichungu inagombana nacho, na sisi tumeitangulizia kahawa. Kosa ni la kahawa."

"Ameomba nyama," alisema shangazi.

"Nimemsikia," alisema mzee.

"Ameketi hapa asubuhi nzima kama gunia. Amefungua mdomo mara moja, akaomba nyama."

Baba mdogo alianza kueleza kwamba kijana hakumaanisha, kwamba ni habari ya chupa tu, kwamba huko mgodini watoto wanasahau mila. Mzee hakucheka wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisokota nyuzi za mgomba, akaziba chupa mwenyewe, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Chupa itabaki," alisema. "Nyinyi nendeni salama."

Njiani baba mdogo alitangulia, na alizungumza na njia. "Kama ningejua una mdomo," alisema, "ningeufunga kwa kamba ya mbuzi." Baadaye kidogo akasema tena, "Hata mimi niliposa na kukataliwa mara moja. Lakini mimi sikudai."

Jibu halikuwepo. Si ndiyo, si hapana, na chupa iko kwao, imefunguliwa. Maneno ya Mfaransa yalinirudia bila kuitwa. Kesho bado nzuri, keshokutwa siki. Nilikuwa nimeitetea mbele ya watu, na sasa ilikuwa inaharibika katika nyumba ile, mahali nisipoweza kuiona. Kama mzee angeonja tena ikiwa imekuwa siki, basi mimi ni mwongo pamoja na kuwa mlafi. Na angeionja na nini? Nyama hawezi kuipika bila kusema ndiyo. Nilikuwa nimewafunga wote, pamoja na mimi mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda shambani kupogoa migomba, nikakata chipukizi nzuri nikaacha mbovu. Mama aliniondoa akanipa kazi ya kuchambua maharage. Nikawa natupa maharage na kubakiza mawe. Nilikwenda njiani kutazama kama kuna mtu anakuja, nikarudi, nikaenda tena kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Mara ya mwisho nilisikia kengele ya baiskeli. Ni yule mnunuzi wa kahawa, amevaa kofia, anaelekea upande wa Kaisho. Alinisalimia vizuri tu. Alikuwa na kifurushi nyuma.

"Kaa chini," mama alisema.

"Nimekaa."

"Umekaa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Jua la siku ile ya keshokutwa lilipoanza kupanda nilijiambia kwamba imekwisha, sasa ni siki. Nilipojiambia hivyo nilidhani nitatulia. Sikutulia. Ndipo akatokea kaka mkubwa wa yule binti, mtu mwenye familia yake, anatembea bila haraka. Alikunywa maji aliyopewa mpaka yakaisha.

"Mzee anawaita," alisema. "Mje leo."

"Kuna nini?" baba mdogo aliuliza.

"Nimetumwa kuita. Kueleza sikutumwa."

Njia ya Kaisho naijua, lakini siku ile ilikuwa na vilima nisivyovijua. Baba mdogo alisema huenda wanataka kuturudishia chupa kwa heshima. Nikasema huenda. Akasema huenda wanataka tulipe faini ya maneno. Nikasema huenda. Akaniambia kama nitasema huenda tena atarudi nyumbani.

Tulipoingia uani kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba. Ilikuwa imefungwa kwenye mgomba uleule, na mwisho wake ulikuwa chini, hauna mbuzi.

Baba mdogo alisimama. Kisha harufu ikatufikia, ya mafuta yanayodondokea makaa, na akanishika bega kwa nguvu mpaka likauma. Ni mara chache nimemwona hivyo.

Ndani kulikuwa na mbavu za mbuzi juu ya majani ya mgomba, zimechomwa, zina chumvi, mafuta yake yanang'aa. Kahawa haikuletwa. Chupa ilikuwa katikati, na zile nyuzi za mgomba mdomoni mwake zilikuwa zimebadilika zikawa nyekundu.

Mzee alinipa ubavu mimi kabla ya baba mdogo, na nilitaka kuukataa kwa heshima, lakini alitikisa kichwa. "Wewe ndiye uliyedai," alisema. "Kula. Usimeze yote. Halafu unywe. Halafu utuambie kama Mfaransa wako alisema kweli. Uongee, tunajua sasa kwamba unaweza."

Nikatafuna mpaka mafuta yakaenea mdomoni. Nikanywa.

Ukakasi ulikuja, nikausubiri unikabe kama mara ya kwanza, lakini ulikuta mafuta ukateleza. Ukayasafisha, na mdomo ukataka ubavu mwingine. Nyuma yake kukaja vitu ambavyo kahawa ilikuwa imevificha. Kulikuwa na yale matunda madogo mekundu ya mwituni yenye miiba, tuliyokuwa tunayachuma tukitoka shule, yale yaliyoiva sana mpaka meusi. Kulikuwa na moshi kidogo, na udongo baada ya mvua, na mwishoni kabisa kitu nilichokijua peke yangu mle ndani, harufu ya karai la bati baada ya kazi, unapolilaza juani likauke. Siki ilikuwepo pia, kwa mbali, pembeni mwa ulimi. Haikuwa mbaya. Ilikuwa kama ndimu kwenye nyama.

Niliwaambia yote hayo. Niliyasema vibaya, kwa kusimama na kurudi nyuma, na kule kwenye karai la bati shangazi alikunja uso. Lakini niliyasema.

Mzee alikula, akanywa, akafumba macho. Nilijikuta nahesabu tena nyasi.

"Haya matunda ya miiba nimeyapata," alisema mwishoni. Akala tena, akanywa tena. "Sasa sielewi jambo moja. Padre anakunywa bila nyama, na uso haukunjiki."

"Amezoea," alisema baba mdogo.

"Au anakula jikoni kwanza," alisema shangazi, na mzee akamwambia aogope dhambi, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Kuhusu posa hakuna aliyetamka neno. Mbuzi alikuwa amekwisha kusema. Baba mdogo alikuwa anakula kwa haraka kama mtu anayeogopa wenyeji watabadili mawazo.

Nilitoka nje kunawa mikono. Yule binti alikuja na maji kwenye kibuyu, akasimama upande wangu akitazama kwingine, kama inavyotakiwa, na akaanza kunimiminia.

"Niliionja," alisema kwa sauti ndogo.

"Lini?"

"Mlipoondoka tu siku ile. Waliniachia niihifadhi chumbani."

Wanawake wa kwetu hawali nyama ya mbuzi. Nikamuuliza aliionja na nini.

"Uyoga wa samli. Nilijua mafuta ni mafuta." Alimimina kidogo. "Nadhani inapatana na uyoga kuliko mbuzi wenu, ingawa mbuzi simjui. Kwa kuku wa Bukoba sidhani." Kifurushi cha yule mnunuzi wa kahawa, nilijua baadaye, kilikuwa na kuku.

"Mzee alijua?"

"Nilimwambia leo asubuhi kwamba inaanza kuchacha. Nikamwambia, baba, kama una jibu lolote, litoe kabla ya chupa kuharibika, itakuwa aibu kwetu si kwao."

"Asubuhi ilikuwa imeanza kuchacha kweli?"

Alimimina maji mengine.

"Bado," alisema.

Mikono yangu ilikuwa imetakata zamani, mafuta yote yametoka. Niliendelea kuinawa.